Kabla ya kujaza fomu, fungua masomo ya mwaka wa pili

Dada yangu alinipigia simu mwezi Julai, siku matokeo ya kidato cha sita ya binti yake yalipotoka. Hakusubiri salamu. "Two ya kumi," alisema. "Hesabu C, Fizikia C, Kemia D. Anataka kompyuta. Sasa tumjazie ipi?" Nikamuuliza mwenyewe anasemaje. Mwenyewe alikuwa kambini, JKT kwa mujibu wa sheria. Simu hana, na akipiga ni Jumapili kwa simu ya kuazima, afande kasimama pembeni anahesabu dakika.

Wenye watoto wa rika hili wanaijua hiyo kalenda. Vijana wanaripoti makambini mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, matokeo yanatoka Julai, na hayajapoa dirisha la udahili linafunguliwa. Anayekaa kwenye meza ya steshenari kujaza maombi ya chuo mara nyingi ni mzazi. Kwa hiyo kozi ya binti wa miaka 19 ilikuwa inachaguliwa na watu wanne ambao hakuna hata mmoja atakayeingia darasani. Mama yake alitaka "yenye ajira". Jirani anayefanya kazi benki alishatoa hukumu: "Saiba, saiba ndiyo yenye soko," yaani usalama wa mtandao. Kijana wa steshenari alishauri IT, "maana haina hesabu nyingi." Na mimi, mtu wa kompyuta wa ukoo, yule anayepigiwa simu printa ikigoma, nikatakiwa nifunge mjadala.

Sikuufunga. Nilimwambia dada asijali sana majina. Achukue mtaala wa kila kozi, auruke mwaka wa kwanza, asome masomo ya mwaka wa pili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimelala vizuri.

Majina yenyewe ni mengi mno. Mwaka 2005 vyama viwili vikubwa vya taaluma hii, ACM na IEEE, viliigawa fani ya kompyuta katika matawi matano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Ripoti yao ya 2020 ikaongeza usalama wa mtandao na kuipa nafasi sayansi ya data. Mgawanyo huo una mantiki yake. Vyuo vyetu viliupokea, kisha kila kimoja kikatia viungo vyake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Kijitonyama, wana sayansi ya kompyuta, wana uhandisi wa kompyuta uliounganishwa na teknolojia ya habari, wana uhandisi wa mawasiliano ya simu. Dodoma kwenye ndaki yao ya kompyuta, CIVE, utakuta uhandisi wa programu, mifumo ya habari ya afya, mifumo ya habari ya biashara, usalama wa mtandao pamoja na uchunguzi wa kidijitali, hadi midia anuwai na katuni. Hapo hujaenda DIT, IFM, Mbeya, Arusha wala SUZA. Kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ukikifungua kwenye simu yenye kioo kidogo utasogeza kidole hadi kikufe ganzi.

Mzazi anayeona majina yote hayo hufanya anachofanya mtu yeyote sokoni akiwa na haraka. Anachukua lenye kung'aa.

Mwaka wa kwanza hautamsaidia kujua kama amekosea. Kozi karibu zote za kompyuta hapa nchini huanza na stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo, kalkulasi, utangulizi wa kompyuta na programu ya kwanza, mara nyingi kwa lugha ya C. Wanafunzi wa kozi tofauti hukaa ukumbi mmoja, mamia yao, wakiandika mambo yaleyale. Kijana anafunga mwaka akiamini ameipatia. Njia huachana mwaka wa pili, na hapo ndipo ule msamiati wa chuo unapopata maana: sapu (kurudia mtihani), keri (kubeba somo hadi mwaka unaofuata), disko (kuondolewa chuo).

Tuanze na sayansi ya kompyuta. Mwaka wa pili utakuta miundo ya data, algorithimu, hisabati diskriti, mfumo endeshi, kanzidata (namna ya kupanga na kuhifadhi taarifa). Hakuna anayekuambia "tengeneza tovuti". Unapewa orodha ya namba milioni moja, unaulizwa kwa nini njia hii inaipanga kwa sekunde na ile itakuacha umesubiri nusu saa, na unatakiwa uthibitishe. Kompyuta yenyewe unaweza usiiguse wiki nzima. Mtihani ndio unaowashangaza watu zaidi, maana programu inaandikwa kwa kalamu, kwenye karatasi, na hakuna mashine ya kukuambia umesahau nukta-mkato. Nakumbuka jaribio langu la kwanza la miundo ya data. Swali lilitaka tuondoe kisanduku cha katikati kwenye orodha iliyounganishwa kwa pointa, yaani mshale unaoonyesha kisanduku kinachofuata kiko wapi. Nilichora visanduku, nikachora mishale, nikafuta, nikachora tena, na nilipokabidhi karatasi mshale mmoja ulikuwa unaelekea pasipo na kitu. Nilipata 9 kati ya 20. Jirani yangu wa kiti, kijana wa Tanga aliyekuwa hajagusa kompyuta kabla ya chuo, alipata 17. Yeye alikuwa anapenda bao, na mtu aliyezoea kuhesabu kete mashimo manne mbele hahitaji kufundishwa pointa inaelekea wapi.

Uhandisi wa kompyuta ni habari nyingine kabisa. Mwaka wa pili una saketi, elektroniki ya kidijitali, ishara na mifumo, mikroprosesa, na karakana unakovaa ovaroli na kushika kifaa cha kulehemu risasi. Ni fizikia iliyovaa koti la kompyuta. Mtoto aliyeikariri fizikia ili apite tu ataijua hiyo tofauti ndani ya muhula mmoja. Hii pia ndiyo kozi ambayo jina lake lina uzito wa kisheria. Anayetaka kusajiliwa kuwa mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi lazima awe na shahada ya uhandisi, nayo kwa kawaida ni miaka minne, wakati sayansi ya kompyuta mara nyingi ni mitatu. Mwaka huo wa ziada si bure. Anayesomeshwa na Bodi ya Mikopo ajue kila mwaka unaingia kwenye deni, na akiajiriwa makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe.

Mifumo ya habari, na zile ndugu zake zenye neno biashara, hudharauliwa sana na wanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Nimewahi kuwa mmoja wa wenye dharau, naomba radhi. Mwaka wake wa pili una uhasibu, uchambuzi wa mifumo, kanzidata, usimamizi wa miradi. Dada yangu alipolipia ada ya maombi alipewa kontroli namba. Mfumo wa serikali ulio nyuma ya namba hizo, GePG, ulijengwa na wataalamu wa hapahapa chini ya Wizara ya Fedha. Ugumu wa kazi kama ile hauko kwenye algorithimu ya kutisha. Uko kwenye maswali ya ofisini: deni ni la nani, linaingia akaunti ipi, nani anathibitisha, risiti inafungwa lini, na benki mbili zikisema mambo tofauti tunamwamini nani. Mtu asiyejua kitabu cha hesabu kinavyofungwa mwisho wa mwezi hawezi kuuliza maswali hayo, hata awe bingwa wa C.

Teknolojia ya habari ndiyo ile kijana wa steshenari aliyoisifia kwamba haina hesabu nyingi. Ni kweli nusu. Mwaka wa pili kuna mitandao, usimamizi wa seva, tovuti, kanzidata, ulinzi. Hesabu zimepungua, lakini uvumilivu umechukua nafasi yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti iliyumba nchi nzima baada ya kebo za baharini za EASSy na SEACOM kupata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Sisi wengine tulikaa tukiilaumu mitandao ya simu. Kuna watu siku hiyo walikuwa kazini wakihamisha mawasiliano kwenda njia nyingine, na ile ndiyo kazi yenyewe ya IT: hakuna anayejua jina lako hadi siku kitu kikatike.

Nimebakiza saiba, kwa sababu ya jirani. Kazi ipo, sibishi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023, taasisi nyingi zimegundua kwamba majina na namba za wateja wao zilikuwa zinatembea kwenye majedwali ya Excel kama karanga za kufunga. Ila kulinda kitu kunaanza na kujua kinavyofanya kazi. Ukikuta kozi ya usalama ambayo mwaka wake wa pili una mitandao, mfumo endeshi, programu na hisabati ya usimbaji, mpeleke mtoto bila wasiwasi. Ukikuta mwaka wa pili umejaa sheria, sera na majina ya programu za kupakua, hiyo ni kozi fupi iliyonyooshwa hadi ifike shahada. Sitaji chuo. Nenda kasome mwenyewe, orodha za masomo ziko wazi kwenye tovuti zao.

Sasa hili neno soko. Kila mzazi analitumia, na kila anapolitumia nakumbuka nyanya za Ilula. Barabara ya Iringa msimu mmoja tenga linauzwa bei ya kuvutia, kila mwenye shamba analima nyanya, msimu unaofuata nyanya zinaoza kando ya lami na wapita njia hawapunguzi hata mwendo. Mkulima wa nyanya ana nafuu, anajua matokeo ndani ya miezi michache. Mtoto anayeingia chuo leo anavuna baada ya miaka mitatu au minne, na bei aliyoulizia ni ya leo.

Marekani imeshapitia mzunguko huu hadharani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana walimiminika kwenye kompyuta, hisa za kampuni za intaneti zikaporomoka kuanzia Machi 2000, na madarasa yakapungua watu kwa miaka kadhaa. Waliojiandikisha katikati ya ukimya ule, wakati shangazi zao wanawasikitikia, walihitimu simu janja ndiyo kwanza zinaingia. Halafu mlango ukafurika tena. Takwimu za Benki ya Hifadhi ya Shirikisho ya New York zilizotoka 2025 zilionyesha kuwa kati ya wahitimu wapya wa sayansi ya kompyuta asilimia 6.1 hawakuwa na kazi, na wa uhandisi wa kompyuta asilimia 7.5. Waliosoma falsafa walikuwa karibu nusu ya hapo. Wakati huohuo waliopata kazi kwenye kompyuta waliendelea kulipwa miongoni mwa mishahara mikubwa ya kuanzia. Takwimu hizo zimesambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku zikiwa zimekatwa nusu, na unajua ni nusu ipi.

Hapa kwetu tuna mfano mkali zaidi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hebu fikiria kijana wa mwaka huo anamuuliza mjomba wake kama kompyuta ina soko. Mjomba angemjibu nini, kwa dhamiri safi? Na miaka 50 baadaye hata mama wa kijijini analipia maji kwa kontroli namba.

Kuna jambo jingine linalopunguza nguvu ya majina. Fungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira la Afisa TEHAMA Daraja la II. Sifa zinazotajwa ni shahada ya kwanza katika sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta au fani nyingine inayolingana na hizo. Wote kwenye kapu moja. Jina la shahada linakupeleka hadi kwenye usaili wa mchujo, ule wa kuandika, mkiwa mmejazana ukumbini kama siku ya mtihani wa taifa. Baada ya hapo kuna usaili wa vitendo. Unakalishwa mbele ya kompyuta, unapewa jambo, unaangaliwa. Pale panaulizwa mwaka wa pili tu: uliusoma, au uliuvuka?

Na hapa ndipo wazazi wanaponikatiza: "Lakini si akili mnemba itafanya hayo yote?" Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 sijakaa kwenye harusi hata moja bila kuulizwa. Jibu langu nimelipata kazini, si vitabuni.

Hospitalini ninapofanya kazi huwa tunapokea wanafunzi wa fildi. Zamani fildi ya kompyuta ilikuwa aibu: mtoto anakaa wiki nane akibana vichwa vya kebo, anabadilisha tona ya printa na kupakua antivairasi, kisha msimamizi anampa alama 85 kwa nidhamu. Siku hizi tunajitahidi kuwapa kitu. Mwaka jana alikuja kijana mmoja, nikampa kazi ya kuandaa mfumo mdogo wa stoo ya dawa. Nilitegemea mwezi. Aliuleta baada ya siku mbili. Ulikuwa mzuri kweli, rangi zimetulia, vitufe vyote vinafanya kazi, ripoti inatoka. Aliniambia bila kuficha kwamba ameandikiwa na akili mnemba. Sikuona ubaya.

Mfamasia akaukalia, akaingiza paracetamol makopo 200, inaisha muda Machi. Akaletewa makopo mengine 300 ya kuisha Novemba. Mfumo ukampa chaguo moja: abadilishe tarehe. Kwenye jedwali la kijana, dawa moja ilikuwa na safu moja ya tarehe ya kuisha muda. Akibadilisha, yale makopo 200 yanapata umri mpya kwa muujiza. Stoo ya dawa inaendeshwa kwa kanuni kwamba inayoisha mapema inatoka mapema, kwa hiyo kosa lile lingeweza kumfikishia mgonjwa dawa iliyokwisha muda. Nikamwambia kijana arekebishe. Akarudi kwa akili mnemba, ikamwongezea safu ya pili: tarehe_2. Nikamuuliza ukija mzigo wa tatu? Akaongeza tarehe_3. Alikuwa ananitazama kwa imani kabisa.

Kilichohitajika ni kutenganisha dawa na mzigo wa dawa, majedwali mawili, moja linasema paracetamol ni nini, jingine linasema mzigo huu umekuja lini, mangapi, unaisha lini. Hilo linafundishwa kwenye kanzidata, mwaka wa pili, wiki ya nne au ya tano, chini ya kichwa cha habari kinachosinzisha. Akili mnemba inalijua vizuri kuliko mimi. Ukiiambia "tenganisha dawa na mizigo yake" itafanya kabla hujameza mate. Kijana hakuweza kuiambia kwa sababu hakuona. Nilimkalisha na mfamasia nusu siku stoo, akiwa ameshika makopo mawili mkononi, ndipo akasema "aaah". Aliuandika upya kwa siku moja, akili mnemba ikimsaidia tena.

Ndiyo maana ile miradi ya mwaka wa mwisho inanitia shaka. Nchi hii ina mifumo ya kusimamia maktaba na hosteli iliyotengenezwa na wanafunzi ya kutosha kila kata, yote kwa PHP, lugha ya kuandikia tovuti, yote yenye ukurasa wa kuingilia wa bluu, na karibu yote hulala kwenye CD ofisini kwa msimamizi. Mradi wa namna hiyo sasa ni kazi ya jioni moja. Chuo kitakachoendelea kuutolea alama kinajidanganya, na mtoto atakayeuleta kwenye usaili kama ushahidi wa kujua atadanganyika zaidi.

Narudi kwenye hesabu, kwa sababu ndizo zinazoongoza chaguo la wengi bila kutajwa. Hisabati ya kidato cha nne imekuwa mkiani kwa ufaulu miaka nenda rudi. Mtahiniwa mmoja hivi kati ya wanne ndiye anayefaulu, na miaka mingine hata hawafiki. Waliookoka hadi kidato cha sita bado wana makovu. Wengine walichukua BAM tu, ile hisabati ya msingi, na baadhi ya kozi zinawapokea kwa hiyo. Sasa kijana mwenye makovu anatafuta kozi ya kompyuta isiyo na hesabu, na vyuo navyo, kwa kuwa vinataka wanafunzi, vinabuni majina yanayoonekana kama hayana. Sisemi kila mtu awe mwanahisabati. Mtu wa mitandao mwenye wastani wa C anaishi vizuri. Ila hisabati diskriti inayotisha watu mwaka wa pili haifanani na ile ya shule. Haina kanuni ndefu za kukariri. Inauliza: kama hili ni kweli na lile ni kweli, lipi jingine lazima liwe kweli? Nimewaona watoto waliochapwa viboko kwa ajili ya sini na kosini wakiifurahia.

Tatizo ni kwamba hakuna anayewaonjesha kabla ya kujaza fomu. Tunawauliza watoto wanapenda nini, wanajibu wanapenda kompyuta, wakimaanisha simu. Ndipo nikaamua, ile Jumapili mpwa wangu alipopata simu, nimwonjeshe.

"Shikamoo mjomba. Nina dakika kumi."

"Marahaba. Hujambo? Sikiliza, nina swali." Nyuma yangu mama yake alikuwa anataka simu amuulize kama anakula. Nikamwambia hivi: dirisha la dawa hospitalini, watu wanafika mmoja mmoja, wa kwanza kufika wa kwanza kuhudumiwa. Ila wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wanatangulizwa. Kompyuta inatakiwa ijue nani aitwe sasa hivi. Utaipangaje hiyo foleni?

Akajibu haraka: "Mistari miwili. Mmoja wa wanaotangulizwa, mmoja wa wengine."

"Na kama mjamzito mwenye uchungu atangulie hata wazee? Na aliyeletwa na gari la wagonjwa?"

"Mitatu. Minne..." Akasita. Nikamwambia asijibu, akae nalo wiki nzima. Dada alinipokonya simu. Baadaye aliniambia, kwa ile sauti yake ya utaratibu inayotisha kuliko kelele, kwamba alinipa mtoto nimchagulie kozi, mimi nikampa mtihani.

Jumapili iliyofuata simu iliita mapema. Sauti ilikuwa imekauka kwa kuimba mchakamchaka.

"Mjomba, mistari mingi haifai. Hapa tuna foleni ya chakula, waliotoka lindo wanakula kwanza. Nimeitazama wiki nzima. Kila mtu apewe namba mbili, moja ya uzito wake, moja ya saa aliyofika. Unaangalia uzito kwanza. Ukilingana, unaangalia saa."

Hiyo ni sura moja ya somo la miundo ya data, na lina jina lake kitabuni, ila sikumtajia. Nikasema sawasawa.

"Lakini haiko sawa," akaendelea. "Jana waliotoka lindo walikuwa wanakuja tu, makundi kwa makundi. Mimi nilifika wa kwanza kabisa na uzito wangu mdogo. Nilisimama mpaka ugali ukaisha. Sasa pale kwenye dawa, wakija wazee mfululizo kutwa nzima, yule kijana aliyefika saa moja asubuhi kompyuta itamwita lini?"

Nilivuta kiti nikae vizuri nimjibu. Nyuma yake mwanamume akasema muda umekwisha, simu ikakatika.

Fomu tulijaza Jumatatu, sayansi ya kompyuta chaguo la kwanza, uhandisi wa programu la pili. Dada alilipa, akaniuliza tena kama zina soko. Binti bado ananidai jibu la foleni.